TUYALINDE MACHO YA WAZEE WETU: SABABU ZA MAJERAHA NA NAMNA YA KUYAEPUKA

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa na kitengo cha habari cha Wizara kwa ajili ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili yasomwe maofisini, maskulini na majumbani.)





Nimepewa nafasi hii nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu hupita kimya kimya majumbani mwetu, nalo ni majeraha ya macho yanayowapata watu waliokwisha kuvuka umri wa miaka 60. Nasema hupita kimya kimya kwa sababu kijana akiumia jicho, nyumba nzima husimama. Gari hutafutwa, na kabla ya adhuhuri huwa amekwisha kufikishwa hospitali. Mzee akiumia jicho, mara nyingi mwenyewe husema "si kitu, litapoa", na sisi tulio karibu naye husema "ni uzee tu". Siku zikipita na nuru ikapungua, lawama hutupiwa umri, ilhali kilichomwondolea mzee wetu nuru yake ni kijiti, ni chokaa, au ni kizingiti cha mlango wa uwani.

Kwa hivyo neno langu la leo ni moja, na ningependa lishikwe tangu mwanzo. Uzee peke yake haulipofushi jicho kwa siku moja. Jicho la mzee lililokuwa likiona jana na leo limekuwa jekundu, linauma au halioni, lina sababu yake. Nyingi katika sababu hizo zimo ndani ya nyumba zetu na katika kazi zetu za kila siku, na zinaweza kuzuiwa. Na pale jeraha linapotokea, zile saa za mwanzo ndizo zinazoamua kama mzee ataendelea kuona au la.

JICHO LA MZEE LINA TOFAUTI GANI?

Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 24 hivi. Mbele yake kuna kioo kiangavu kiitwacho konea, ambacho katikati yake unene wake ni kiasi cha nusu milimita tu. Nyuma ya konea kuna mboni, kisha lenzi, na sehemu kubwa ya ndani imejaa ute mzito ulio angavu. Ukuta wa nyuma umetandikwa utando mwembamba uitwao retina, ambao ndio unaopokea taswira na kuipeleka kwenye ubongo.

Umri unapokwenda, kila sehemu katika hizo hubadilika. Machozi hupungua, na jicho lililo kavu hukwaruzika upesi na kupona polepole. Ule ute wa ndani huanza kuwa majimaji na kujitenga na retina, hivyo pigo ambalo kwa kijana lingeacha uvimbe tu, kwa mzee linaweza kuchana retina. Mishipa ya damu nayo huwa dhaifu zaidi, hasa kwa wenye shinikizo la damu na kisukari. Mwenye kisukari cha muda mrefu huweza kupungukiwa na hisia katika konea, akawa na jeraha asilihisi. Aidha, wazee wanaotumia aspirini au dawa nyengine za kuzuia damu isigande huvuja damu zaidi wanapoumia.

Jambo jengine linalofaa kujulikana na kila familia ni hili. Mzee aliyepata kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho ana alama ya kudumu katika jicho lake. Katika operesheni za zamani jicho lilipasuliwa kwa urefu wa milimita 10 hadi 12. Katika zile za kisasa zinazotumia mashine, mpasuo ni wa milimita 2 hadi 3 tu. Kovu la mpasuo ule mkubwa halirudi kamwe kuwa na nguvu ya ukuta wa asili. Mzee aliyefanyiwa operesheni miaka mingi iliyopita akianguka na kupiga uso, jicho linaweza kupasuka pale pale penye kovu. Kwa hivyo atakapofikishwa hospitali, daktari na aelezwe kwamba jicho hilo liliwahi kufanyiwa operesheni.

SABABU YA KWANZA: KUANGUKA

Tafiti zilizofanywa katika nchi kama Marekani na Australia zinaonesha kwamba kwa watu wazima sana, kuanguka ndiko kunakoongoza miongoni mwa sababu za majeraha makubwa ya macho. Wengi wetu hufikiri kwamba mzee akianguka huvunjika nyonga au mkono tu. Lakini mzee anapoanguka mara nyingi hawahi kujikinga kwa mikono, na uso wake ndio unaotangulia. Hukutana na pembe ya kitanda, ukingo wa ndoo, bomba la maji au ncha ya baraza.

Hapa kwetu sababu za kuanguka zinajulikana. Mzee huamka usiku kwenda chooni, na choo kiko uwani. Huamka alfajiri kutawadha, na sakafu imerowa. Hupita juu ya mkeka au busati lililojikunja ncha. Huvuka vizingiti virefu na kupanda ngazi za wima katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Huvaa ndara zilizolika nyayo. Tena huyafanya yote hayo katika kiza, ama kwa sababu taa imeungua na hakuna aliyeibadilisha, ama kwa sababu hapendi kuwaamsha wenziwe. Wanaokumbuka ile miezi mitatu ambayo Unguja ilikosa umeme, kuanzia Disemba 2009, wanajua namna nyumba ile ile unayoijua kwa miaka 40 inavyogeuka kuwa ngeni taa zinapozimika. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, kila usiku ni mfano wa hali hiyo.

Zipo pia dawa, na khasa baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zinazoweza kumletea mtu kizunguzungu anaposimama kwa haraka. Mzee na afundishwe kukaa ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama. Kizunguzungu kikizidi, arudi kwa daktari. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

SABABU YA PILI: KAZI ZA MIKONO

Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima afikapo umri wa miaka 60. Wengi wa wastaafu wetu, jambo ambalo ni la kupongezwa, hawakai bure. Hurudi shamba, humalizia nyumba, hufuga ng'ombe, huvua. Lakini tukumbuke kwamba mtu huyu anaingia katika kazi za panga, nyundo na kamba wakati ule ule ambapo macho yake yameanza kuwa mepesi kuumia na si hodari tena wa kuikwepa hatari.

Tuanze na mawe. Wako kina mama watu wazima wanaokaa juani wakivunja kokoto kwa nyundo, uso ukiwa karibu na jiwe, bila ya kinga yoyote. Kipande cha jiwe huruka kwa kasi kubwa kuliko jicho linavyoweza kufumba. Hatari kubwa zaidi ni pale chuma kinapopigwa kwa chuma, kama vile nyundo juu ya tindo. Kibanzi cha chuma kinachoruka huwa kidogo na chenye makali, hupenya jicho na kuacha tundu lisiloonekana kwa urahisi. Maumivu huweza kuwa kidogo na mtu akaendelea na kazi yake. Kumbe chuma kimebaki ndani, na kutu yake huiua retina taratibu.

Tuje kwenye nazi. Kufua nazi kwenye kifuo, kuivunja kwa panga na kupiga makumbi ili kupata usumba, zote ni kazi zinazorusha vipande na nyuzi. Kuchanja kuni ni vivyo hivyo. Huko mashambani, tawi la mkarafuu linalovutwa kisha likaachiwa humrudia usoni aliye nyuma. Mshipi wa mvuvi ulionasa, ukivutwa kwa nguvu na kunasuka ghafla, humrudia pamoja na ndoana au chubwi lake. Mwenye kukama ng'ombe hupigwa na mkia, na mwenye kumfunga huweza kupigwa na pembe.

Majeraha yanayotokana na mimea yanataka uangalifu wa pekee. Jani, mwiba au nyuzi za makumbi zikikwaruza konea, hazileti mkwaruzo tu. Huweza kupandikiza vijidudu vya kuvu, ambavyo hustawi katika hali ya joto na unyevunyevu kama ya visiwa vyetu. Kidonda cha kuvu huanza polepole. Siku tatu za kwanza mzee huona jicho linawasha tu. Baada ya wiki moja au mbili doa jeupe hutokea juu ya kioo, na hapo matibabu huwa marefu na kovu huwa la kudumu.

SABABU YA TATU: VITU VIKALI VYA MAJIMAJI NA VUMBI

Katika vitu vyote vinavyochoma jicho, chokaa na saruji ni miongoni mwa vibaya zaidi. Watu wengi huogopa tindikali, kama ile ya betri ya gari, na wana haki ya kuiogopa. Lakini chokaa hupenya ndani zaidi, na huendelea kuchoma kadiri chembe zake zinavyobaki chini ya ukope. Fundi aliye juu ya dari na mzee anayemshikia ngazi chini wote wamo hatarini. Wala tusisahau chokaa ya tambuu. Bibi aliyekwisha kupaka chokaa kwenye jani kwa kidole chake, kisha akajifuta jicho kwa kidole hicho hicho, amelitia jicho lake dawa ya moto.

Aidha kuna utomvu mweupe wa mnyaa, mti unaopandwa kuwa ua katika viwanja vingi. Tone lake moja katika jicho huleta maumivu makali na ukungu wa kuona kwa siku kadhaa. Mafuta ya ganda la korosho wakati wa kuchoma, dawa za kusafishia vyoo, na mafuta ya kukaangia yanayorukaruka ni katika jamii hiyo hiyo.

Ipo ajali moja inayowapata hasa wasioona vizuri, nayo ni kukosea chupa. Gundi kali ya kugandishia viatu na vyombo huuzwa katika vichupa vidogo vinavyofanana na vichupa vya dawa ya macho. Mzee hupapasa juu ya meza na kujitilia gundi. Dawa ya macho na iwe na mahali pake peke yake, na gundi isiwekwe chumba kimoja nayo.

SABABU YA NNE: MAMBO MADOGO YA NYUMBANI

Bibi anambeba mjukuu, na ukucha wa mtoto unamkwaruza jicho. Maumivu hupoa baada ya siku mbili. Lakini wiki kadhaa baadaye huamka asubuhi moja na maumivu yale yale yamerudi, kwa kuwa ngozi ya konea haikushika vyema. Mwengine hujichoma kwa kijiti cha wanja. Mwengine hudonolewa na kuku aliyekuwa akimkamata. Watoto huchezea manati na fataki siku za sikukuu, na mzee aliyekaa kwenye baraza yake ndiye anayepigwa. Kata kucha za mtoto, mnyime fataki, na kuku akamatwe na kijana.

SABABU YA TANO: MKONO WA MTU

Hapana budi pia niseme jambo lisilopendeza kusemwa. Baadhi ya majeraha ya macho ya wazee hayatokani na ngazi wala kizingiti, bali na kupigwa. Mzee aliyepigwa huona haya kusema, hasa ikiwa aliyempiga ni wa damu yake. Husema ameanguka. Mhudumu wa afya akiona jicho limevimba pamoja na michubuko ya zamani na mipya mwilini, na amwulize mzee faraghani na kwa upole. Jirani anayejua asinyamaze. Afisi ya sheha, Ustawi wa Jamii na Polisi zipo kwa ajili hiyo. Kumpiga mzee ni kosa mbele ya sheria, na si siri ya familia.

KUCHELEWA NA DAWA ZA KUBAHATISHA

Ndugu zangu, kuna jicho linalopotea kwa sababu ya jeraha, na kuna jicho linalopotea kwa sababu ya yale tuliyoyafanya baada ya jeraha. Hili la pili ndilo linalosikitisha zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa waliokuwa na vidonda vya konea nchini Tanzania ulionesha kwamba kiasi cha robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni kabla ya kufika hospitali. Maji ya majani, maziwa, asali, mate, mkojo, dawa ya meno, vyote hivi vimewahi kutiwa katika macho ya watu kwa nia njema. Havikutengenezwa viwe safi kwa ajili ya jicho lililochubuka, na vingi hubeba vijidudu au huchoma.

Heshima ya tiba zetu za asili haipungui kwa kusema hivi. Mganga mwenye hekima anajua mipaka yake, na jicho lililojeruhiwa limo nje ya mipaka hiyo. Amfanyie mgonjwa dua kama atakavyo, kisha amwelekeze hospitali.

Kosa jengine ni kutumia dawa iliyobaki ya mtu mwengine. Zipo dawa za matone zenye deksamethasoni na nyengine za jamii yake, ambazo huondoa wekundu upesi sana. Mgonjwa hufurahi akadhani amepona. Kumbe ikiwa kidonda ni cha kuvu, dawa hiyo imekinyima mwili uwezo wa kupigana, na kuvu inaendelea kula kioo kwa ndani. Dawa hizo zitumike kwa amri ya mtaalamu wa macho tu.

NINI KIFANYWE JERAHA LINAPOTOKEA

Kwanza, ikiwa ni chokaa, saruji, tindikali, utomvu au dawa ya kusafishia, anza kuosha jicho pale pale. Usisubiri gari, wala usitafute maji maalumu. Maji safi yaliyo karibu yanatosha. Mlaze au mkalishe mzee, inamisha kichwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie katika jicho zima, fungua kope kwa vidole na mimina maji taratibu kwa muda wa nusu saa. Chembe za chokaa zinazoonekana ziondolewe kwa maji au kwa kitambaa safi kilichorowa. Usitie ndimu wala siki kwa kudhani zitaivunja nguvu chokaa. Baada ya kuosha, mpeleke hospitali.

Pili, ikiwa ni vumbi au mdudu, mzee asisugue jicho. Apepese macho na aoshwe kwa maji safi. Ikiwa baada ya hapo bado anahisi kitu, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tatu, ikiwa kitu kimechoma au kimepasua jicho, usioshe, usikandamize, wala usikichomoe kilichobaki ndani. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi au cha plastiki kilicho safi, kikae juu ya mifupa inayolizunguka jicho bila ya kuligusa jicho lenyewe, kisha kifungwe kwa kitambaa. Mzee asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa ajili ya operesheni. Jicho lililopasuka likikaa zaidi ya saa 24 bila kushonwa, hatari ya vijidudu kuingia ndani huzidi sana. Hospitali watazame pia kama anahitaji sindano ya kuzuia pepopunda.

Nne, ikiwa ni pigo la kitu butu au kuanguka, weka kitambaa chenye maji baridi juu ya shavu na nyusi bila ya kulibana jicho. Usimpe aspirini kwa maumivu, maana huzidisha kuvuja damu. Mpeleke akatazamwe hata kama anasema anaona, kwa kuwa damu ndani ya jicho na mpasuko wa retina havionekani kwa nje.

Zipo dalili ambazo mwenye nazo asilale bila ya kuonana na mhudumu wa afya: kuona kumepungua ghafla, maumivu makali, mboni imekuwa na umbo lisilo la duara, damu imejikusanya mbele ya mboni, doa jeupe juu ya kioo, kuona vimulimuli, vijidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au mfano wa pazia linaloshuka upande mmoja. Dalili hizi za mwisho huweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya mzee kuanguka, wakati sote tumekwisha kusahau.

Huduma za macho zinapatikana katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa upande wa Unguja na katika Hospitali ya Chake Chake kwa upande wa Pemba. Wenzetu wa Tumbatu na Kojani, ambao safari yao huanza kwa chombo cha baharini, wana sababu zaidi ya kutongoja asubuhi ya pili.

WAJIBU WETU

Ningependa kila mmoja aondoke hapa na kazi yake.

Watumishi wa Serikali wanaosimamia karakana, ujenzi na usafi, hakikisheni kwamba miwani ya kinga ya plastiki ngumu ipo na inavaliwa. Miwani iliyofungiwa kabatini haijapata kuliokoa jicho la mtu yeyote. Na mstaafu anapoagwa kwa zawadi, jozi moja ya miwani hiyo ingekuwa zawadi yenye manufaa ya miaka mingi.

Wenye wazee majumbani, fanyeni ukaguzi wa usiku mmoja. Zimeni taa, kisha piteni njia ile anayopita mzee kutoka kitandani hadi chooni. Kila mtakapojikwaa, hapo ndipo palipo na kazi. Taa ndogo, kamba au mti wa kushikia, sakafu iliyokwaruzwa isiteleze, mkeka ulioondolewa njiani: gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na jicho. Tena mzee apelekwe kupimwa macho, kwani mtoto wa jicho anayetibika ndiye anayemwangusha na kusababisha jeraha lisilotibika.

Waheshimiwa masheha, mnawajua wazee wenu kwa majina na kwa milango yao. Tangu Mpango wa Pensheni Jamii ulipoanzishwa mwezi wa Aprili 2016 kwa wazee waliofikia umri wa miaka 70, zimekuwapo fursa za kukutana nao kwa utaratibu. Katika kukutana huko, mwambieni kila mzee afunike jicho moja kwa kiganja kisha aseme anaona nini kwa lile jengine, na halafu abadilishe. Jambo hili halichukui hata dakika moja. Mtu mwenye macho mawili anaweza kupoteza nuru ya jicho moja asijue, kwa sababu lililo zima humbebea mwenziwe mzigo.

Na nyinyi wazee wetu, tunakuombeni radhi na tunakuombeni kitu kimoja: semeni. Mnaficha maumivu ili msitusumbue, kwa kuwa mmezoea kutubeba tangu tulipokuwa wadogo. Lakini mzee aliyepoteza nuru huhitaji kushikwa mkono kila aendapo, na familia ingependa mara mia kusumbuliwa siku moja kuliko kumwona mzazi wao amekaa kizani kwa miaka yote iliyobaki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jicho ni mwembamba kuliko nywele, na ukuta wake hajatokea fundi wa kuujenga upya.

Kila tarehe 1 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Wazee, kufuatana na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1990. Na Alkhamisi ya pili ya mwezi huo huo ni Siku ya Kuona Duniani. Siku hizi mbili zimekaa jirani katika kalenda. Tuzikutanishe na sisi katika nyumba zetu, tusingoje sherehe wala gwaride. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu amwulize mzee wake: "Macho yako yakoje?" Kisha angoje jawabu, na jawabu likiwa "si kitu", alitazame jicho lenyewe.